Nani Apewe Kitabu Gani cha Kompyuta

Ukitaka kumwona mtu aliyechanganyikiwa huku ametulia tuli, nenda kwenye chumba cha kusomea cha chama cha wafanyabiashara wa soko letu, umtazame Miwani. Huyo ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, na ninyi wapwa zangu mjue kabisa kwamba akili za ukoo huu hazikugawanywa kwa haki. Mimi niliacha shule mapema nikaondoka nazo. Yeye alisoma mpaka macho yakaomba likizo, na hadi leo hanunui soksi bila kuomba ushauri.

Kazi yake ni kutunza chumba hicho. Kina rafu, meza ndefu, viti vinavyolia ukijitingisha, na ukutani kibao cha KIMYA alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Kimya kile anakipenda kuliko mshahara. Kasoro yake ni kwamba kilizidi, wasomaji wakaisha. Ndipo akaja Mwenyekiti wa chama, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akakizungushia macho chumba kama mtu anayepima gunia litakaa wapi.

"Miwani, baba, chama kinakununulia vitabu vya kompyuta. Kachague, wewe ndiye msomi. Mwisho wa mwezi nikikuta hakuna watu kwenye viti hivi, hapa naweka saruji."

"Sawa, mama. Ila nichague vya nani?"

"Vya watu!" Akaenda zake.

Miwani akanikokota hadi kwenye gari la muuza vitabu. Akasimama mbele ya maboksi kama mtu aliyeulizwa jina la mama mkwe akalisahau.

"Kaka, kuna cha kutengeneza kompyuta, cha kuandika barua, cha kuchora mitindo ya nguo, cha wezi wa mtandaoni, na hiki cha wanaoanza, herufi zake utadhani bango la barabarani. Nani nimpe kipi?"

"Tazama kazi ya mtu," nikamwambia. "Fundi simu, cha ufundi. Fundi cherehani, cha mitindo. Mwalimu mstaafu mpe cha herufi kubwa, mzee wa watu. Kwani mbuzi unamuuliza anakula nini?"

"Na cha wezi? Na cha barua?"

"Weka tu rafuni. Kila chungu na mfuniko wake."

Basi akavinunua, akawapa watu kama nilivyosema, na vile viwili vikaondoka vyenyewe. Kisha hakuna kilichorudi. Rafu tupu, viti vitupu, kibao kinamkodolea macho. Miwani akaanza kukunjua kila karatasi iliyofungiwa karanga, akihofia kukuta ukurasa wa kitabu chake. Siku moja akanijia anahema.

"Kaka, nimemwona Mwalimu na kitabu cha ufundi kwapani! Mimi nilimpa cha herufi kubwa."

"Hukumwona vizuri."

"Nilikuwa nimevaa miwani!"

"Basi ifute."

Siku ya siku ikafika. Asubuhi mchukuzi wa Mwenyekiti akaingia chumbani na mfuko wa saruji, akaubwaga kitini, akarudi kufuata mwingine. Miwani akatoka mbio, nami nyuma yake, kwenda kwa Bi Sindano, fundi cherehani, kuomba angalau vitabu virudi, rafu ionekane imeshiba.

Tukawakuta wote. Kompyuta kuukuu imekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Betri, fundi simu, yuko kwenye kibodi. Mwalimu anasoma kwa sauti, kidole kwenye mstari. Bi Sindano, futi ya kupimia shingoni, anabisha.

"Kimesema bonyeza mara mbili!"

"Si nimebonyeza?"

"Umebonyeza kama unabisha hodi ukweni. Upesi upesi!"

Miwani akasimama mlangoni. "Kwani... mnasoma?"

"Unadhani tunakaanga?" akasema Bi Sindano.

"Mbona hamji chumbani?"

"Kijana," Mwalimu akamjibu, "kitabu cha namna hii mmoja anasoma, mmoja anabonyeza, mmoja anakataa. Kwako hata kukohoa ni kosa."

"Na vile nilivyowachagulia?"

"Mitindo?" akadakia Bi Sindano. "Nimechora kwa chaki tangu hujavaa suruali ndefu. Mimi nilipigiwa simu na mwizi akajiita mwanangu, nikamtumia hela. Nataka kujua alipitia wapi."

"Mimi kutengeneza najua," akasema Betri. "Barua ya kuomba kazi ndiyo inanitoa jasho."

Mwalimu akakishusha kitabu cha ufundi. "Kompyuta ya marehemu mke wangu imezima na picha zake zote. Betri ataifungua, lakini sitaki aguse kitu ndani yake nisichokijua."

Cha herufi kubwa walikuwa wanakigombea wote. Cha mitindo kilikuwa chini ya skrini, kimeinyanyua kidogo. Ushauri wangu haukuwa na kosa, wapwa zangu. Watu hawa ndio walioingia kwenye kazi zisizo zao.

Miwani akageuka nyuma, akaona mfuko mwingine unapita begani kwa mchukuzi.

"Ibebeni kompyuta. Twendeni chumbani."

"Na kelele zetu?"

Akavua miwani, akaifuta. "Njooni nazo."

Wakaja nazo! Hata hawajakaa sawa, Bi Sindano keshakataa ukurasa mzima. Mwenyekiti akatokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Miwani, hapa ni chumba cha kusomea au mnada?"

"Hata mimi sijui, mama."

Mwenyekiti akamtazama Mwalimu aliyekuwa anamkemea Betri, akavitazama viti, akafyonza. "Nilisema nikute watu. Sikusema wawe na adabu." Akamwamuru mchukuzi aitoe mifuko.

Mchukuzi akaitoa yote. Kisha akarudi peke yake, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, akasimama nyuma ya Betri akichungulia skrini.

"Na mimi nipe kitabu," akamwambia Miwani.

"Cha nini?"

"Sijui. Kwani hawa wanabishania nini?"

Miwani akamwangalia kuanzia ndala hadi kichwani, akaiangalia rafu, akanigeukia. Mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu. Mwishowe akamsogezea kiti.