Sukari Isiyokamatika

Saa nne na robo asubuhi askari alisimamisha lori letu kizuizini, mwendo mfupi kutoka Mbale. Vita vilikuwa vimekwisha. Vizuizi vilikuwa bado. Nilikuwa na miaka tisa, nimekonda, na koo lilikuwa kavu ingawa nilikuwa nimemaliza maji yote ya dereva.

Mama alikuwa amepakata chupa ya chai. Ndani hamkuwa na chai bali kitambaa kilicholowa na vichupa viwili vya insulini, alivyonunua Mbale kwa mfanyabiashara wa Kenya. Jinja dawa hiyo ilikuwa imekwisha. Sindano yetu ya kioo ilikuwa nyumbani, Nalufenya, huko huko Jinja. Tusingevifikisha vile vichupa huko, nisingemaliza juma lile.

"Hii ya nini?" askari aliuliza.

Kiswahili cha Mama kilikuwa cha sokoni. "Afande, mtoto yangu iko na sukari."

Alikosea neno. Siku zile sukari ilikuwa mali ya magendo, na aliyekutwa nayo alipigwa.

"Kilo ngapi?"

"Si ya kula, afande. Iko kwa damu."

"Nchi nzima inakunywa chai chungu, na wewe unaficha sukari kwa damu ya mtoto?" Akawageukia wenzake. "Tumkamue, tupate kikombe!"

Walicheka. Yeye alikuwa ameshatoa kichupa kimoja, amekishika kwa vidole viwili juu ya lami.

Dereva wetu, Mkenya, akashuka. "Afande, huo ni ugonjwa. Mjomba wangu alikuwa nao. Akikojoa, sisimizi wanajaa."

"Basi tuone hao sisimizi. Wasipokuja, hizi chupa zinabaki."

Nilikojoa kando ya gurudumu la nyuma, Mama akinikinga kwa gomesi, vazi lake refu la mshipi. Tukasubiri. Sisimizi wa kwanza alipita bila kusimama. Mama alikuwa akitazama vidole vya askari, si chini. Kisha wakaja kwa mstari, wakitokea chini ya pipa la kizuizi.

Askari alichuchumaa, akatazama kwa muda.

"Ati kweli iko." Alikifunga kichupa katika kitambaa, akairudisha chupa ya chai. "Mama, sukari hii siwezi kukamata. Nenda."

Ukubwani nilijisomea habari za ugonjwa wangu, nikapata jibu la dhihaka ya askari yule. Ini hutengeneza sukari hata kama nyumbani haimo. Pasipo insulini mwili hushindwa kuitumia, nayo hutoka na mkojo. Nilisoma pia kwamba waganga wa kale waliupima ugonjwa huu kwa sisimizi.

Jioni ile, baada ya kunichoma sindano, Mama alifungua fundo la mshipi wa gomesi. Pesa alizotenga za kuwahonga askari wa kizuizi zilikuwa hazijaguswa. Zilitosha kununua kichupa cha tatu: shilingi mia tano.