Mara ya Kwanza Huambiwa Hapana

Mtu wa timu ya mpira alikuja kwangu Makere siku ya Jumanne, nikiwa uani napepeta maharage. Nilijua atakuja. Mjukuu wangu alikuwa amenipigia simu juzi yake kutoka chuoni. "Mke wangu," akasema, maana ndivyo tulivyokuwa tukitaniana tangu akiwa mdogo, "kuna mgeni atakuja. Nimemwambia sikubali lolote kabla hajaonana na wewe."

Nikamwambia amefanya vizuri. Nimemlea tangu mama yake alipofariki, nimemsomesha kwa maharage na ndizi mpaka chuo kikuu. Mtu asije kumchukua kimyakimya kama kuku aliyeokotwa njiani.

Lakini roho yangu haikutulia mwaka ule. Timu ya chuo chao ilikuwa imechukua kombe la vyuo, basi timu kubwa za ligi zikakivamia chuo kile kama kumbikumbi kwenye taa. Akaondoka golikipa. Akaondoka mfungaji. Akaondoka hata kijana mmoja mfupi wa katikati. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, magazeti hayanipendi, lakini redio naisikiliza, na majina yote hayo niliyasikia nikiwa jikoni. Kila mmoja alipochukuliwa, mjukuu wangu alizidi kuwa na maneno machache kwenye simu.

"Tumebaki mimi na yule wa Busunzu," aliniambia.

Huyo wa Busunzu ni rafiki yake, Muha mwenzake, walikuwa wanalala chumba kimoja na wote wanacheza beki wa kushoto. Timu iliyokuwa inawafuatilia ilitaka mmoja tu, na usajili ulikuwa unafungwa Jumamosi.

Mgeni alikuwa kijana wa Dar, viatu vyeupe, macho kwenye simu. Nikampa kiti, nikampa maji. Akanipa shikamoo, na kabla sijamuuliza habari za safari akaanza.

"Mama, mimi mtu wa mpira, sizunguki. Tunamtaka kijana wako."

Nikajifuta mikono. "Hapa hakuna mtoto wa kutolewa, baba. Huyu anasoma."

"Kwa hiyo mama hutaki?"

"Nimeshasema."

Akala ugali niliompa, akashukuru, akapanda bodaboda. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi kwenye ungo wangu, roho nyeupe kabisa. Nilijua atarudi kesho.

Msomaji wa mbali ataona nimerukwa na akili. Kwetu sisi Waha, anayekuja kuomba mtoto, siku ya kwanza huambiwa hapana. Ukikubali siku hiyo hiyo, umeonyesha kwamba ulikwisha kumchoka mwanao. Mshenga wa marehemu mume wangu alipokuja kwetu, baba alimwambia hajawahi kuzaa binti, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga, mchi unasikika mpaka kwa jirani. Mshenga akaondoka anacheka. Wiki iliyofuata akarudi na pombe.

Jioni simu ikalia.

"Bibi." Hakuniita mke wangu. "Umemwambia nini yule mtu?"

"Nimemwambia linalosemwa."

"Bibi, yule si Muha. Kaenda Busunzu sasa hivi, halafu analala Kibondo. Akimpata mwenzangu, basi."

Usiku ule nilifunga mlango nikaufungua, nikaufunga tena. Asubuhi nikajifunga kitenge, nikasimama barabarani kungoja gari la Kibondo. Sikumwambia mtu naenda wapi. Mwenye mtoto kumkimbilia mshenga! Mama yangu angekuwa hai angejifunika uso. Gari lilipopita Busunzu niligeukia upande mwingine, kana kwamba kuna mtu wa kunitambua.

Nilimkuta karibu na stendi ya Kibondo, kwenye hoteli ya mzee mmoja mwenye asili ya pwani, anakunywa chai na chapati.

"Mama wa Makere," akasema. "Umenifuata mpaka huku unikatalie tena?"

"Nimekufuata uniulize tena."

Akaweka kikombe chini. Mwenye hoteli, kofia yake kichwani, akaanza kucheka peke yake pale kwenye jiko.

"Bwana mdogo, hukuambiwa?" akasema. "Mimi nimeoa huku. Nilikataliwa mpaka kanzu ikapauka. Omba tena, hapo ulikuwa hujaanza."

Kijana akanitazama, akamtazama mzee, akakaa vizuri. "Haya. Mama, naomba kijana."

Nikamwacha angoje kidogo, kwa heshima ya nyumba yangu. Kisha nikasema, "Tumekusikia."

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo," mwenye hoteli akamjibu. "Usitafute nyingine."

Akatoa simu awapigie wakubwa wake, uso umechangamka. "Afadhali, mama. Maana jana mzee wa Busunzu, babu wa yule mwingine, kanitoa mbio. Kasema kijana wake si mbuzi wa mnadani. Na kocha alikuwa anamtaka yule kwanza, kwa ule urefu. Sasa imekuwa bahati ya wako."

Mwenye hoteli akainamia kikaango chake, akageuza chapati.

Nikaletewa chai. Niliinywa haina ladha. Mzee wa Busunzu sijawahi kumwona, lakini nilijua yuko wapi saa ile: yuko uani kwake, amevaa shati lake zuri, anasikiliza kila pikipiki inayopita. Nikajiambia, mdomo ni wako, ufunge. Hakuna atakayejua. Kijana alikuwa ameshaanza kubonyeza simu.

"Yule mzee hakukufukuza," nikasema.

"Mama?"

"Amekuambia nilichokuambia mimi. Rudi kwake ukamwombe."

Akashusha simu. "Mama, nafasi ni moja. Unanielewa?"

"Sikusoma, lakini moja naijua."

"Na mjukuu wako?"

"Wangu umeshamwomba. Kamwombe na wa mwenzangu, ndipo mchague."

Alinitazama kama mtu anayetazama mzigo asiojua aushike wapi. Kisha akamwita bodaboda. Mwenye hoteli hakunitoza chai.

Jumamosi redio ikataja jina la beki mpya. Alikuwa yule mrefu wa Busunzu.

Mjukuu wangu alirudi baada ya mitihani. Alilima, alichota maji, aliezua banda la mbuzi na kuliezeka upya bila kuombwa, na hakunisemesha zaidi ya salamu. Siku moja tulikuwa tunang'oa maharage, akasimama katikati ya mstari.

"Bibi, yule babu wa Busunzu asingetutendea hivyo."

"Pengine."

"Humjui hata."

"Namjua. Hatujaonana tu."

"Mimi ndiye uliyenilea," akasema. "Si yeye."

Nikaendelea kung'oa. Akaendelea na yeye, haraka haraka, mpaka akaniacha nyuma.

Mwezi uliopita nilimsikia nyuma ya nyumba anaongea na simu. Ilikuwa timu ya daraja la kwanza, ya mkoa wa mbali, wanamtaka kwa majaribio. "Nakuja Jumatatu," alikuwa anasema. "Hapana, nyumbani msije. Hakuna haja."

Nilimfungia maharage na mihogo mikavu. Nikamsindikiza barabarani, tukasimama tunangoja gari, yeye anatazama upande wa Kasulu, mimi namtazama yeye.

"Hao hawakuja kuuliza," nikasema.

"Hawakuja, bibi."

"Ungewaambia waje. Ningekubali siku hiyo hiyo."

Akageuka kunitazama, na niliona hajui kama natania. Sikuwa natania. Gari likaja, akapanda.

Mpaka leo sijui kama wamemchukua. Simu yake mara inaita, mara haipatikani. Mechi za daraja lile redio yetu haizitangazi, lakini saa ya michezo ikifika naiwasha. Wakianza kusoma majina nasimama, wakimaliza nakaa.