Mandazi ya Adhiambo

Jumamosi, 14 Agosti 1993. Asubuhi jua kali, mchana upepo kutoka ziwani.

Leo Adhiambo wangu ametimiza miaka mitano, na furaha ilinifanya nijione mpishi! Mama yake alikuwa Ahero kumwona mamake mgonjwa, nikasema mandazi nitapika mimi. Nikakanda unga, nikatoa mkebe wa mafuta chini ya meza, nikamimina yote kwenye karai. Mandazi yakafura vizuri ajabu! Nikaimba.

Harufu ya samaki niliisikia, sikatai. Nikajua inatoka kwa jirani, Mama Awuor, ambaye hukaanga mbuta na kuuza.

Saa tisa watoto wakajaa, na Mama Awuor akaja na zawadi. Harufu ikazidi. Nikamwambia mbele ya watu, "Mama, samahani, nawa mikono kwanza." Akanawa. Baadaye kidogo nikamletea maji tena, pamoja na sabuni.

"Baba Adhiambo," akasema, "leo ni Sabato. Mimi na samaki hatujaonana tangu jana."

Kweli, asubuhi nilimwona akienda kanisani. Kabla sijajibu, Adhiambo akauma andazi, akaruka kwa furaha: "Baba ameweka samaki ndani!"

Mama Awuor akachukua moja, akanusa, akanisogezea beseni. "Haya, Baba. Sasa nawa wewe."

Mafuta yale mke wangu alikaangia mbuta juzi. Hakukosea, mimi sikuuliza. Jioni tumekula mandazi hayo kwa sukuma wiki. Mama Awuor amekula manne.