Daraja la Peti

Mwezi uliopita nilifungua tochi ya zamani iliyokuwa imesahaulika chini ya kitanda changu hapa Kauma, Lilongwe, nikapokelewa na harufu ya betri zilizovuja. Bila shaka unaijua. Ni kali, ina uchachu, na ukikaa nayo kidogo unaisikia mpaka kwenye ulimi. Mwanangu aliziba pua akaniambia niitupe. Mimi nilibaki nimeishika, maana kwangu mimi hiyo ni harufu ya kaka yangu Mugisho akiwa na miaka kumi na sita, na mimi tisa, na betri zetu mbili zimeanikwa juu ya bati la nyumba yetu kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ili zipate nguvu za alasiri moja zaidi.

Betri zilikuwa za mashine ndogo ya michezo, ile ya kushika mkononi. Papa alikuwa fundi wa nguo, na aliikuta ndani ya mfuko wa koti la kaunjika, yaani mitumba. Lilikuwa koti zito la nchi za barafu, ambalo mtu akilivaa mchana kwenye wilaya yetu ya Dowa angechekwa mpaka sokoni. Papa alilikata akalitumia kushonea vitu vingine, na ile mashine akatupatia sisi akidhani ni redio iliyokufa. Mugisho aliweka betri, ikalia kidogo, na tangu dakika hiyo Mama hakupata tena mtu wa kumtuma maji bila kumwita mara tatu.

Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu. Maandishi yalikuwa ya Kichina au Kijapani, mpaka leo sijui, kwa hiyo tulisoma picha. Mwanzoni linaonekana jitu lenye kofia kubwa, linatembea kifua mbele, na nyuma yake anafuata kiumbe mfupi mwenye masikio marefu, amebeba mizigo yote. Ghafla wingu jeusi linamnyakua yule mkubwa. Kofia inaanguka. Yule mfupi anaitazama kwa muda, anatua mizigo, anaivaa, nayo inamfunika macho. Kuanzia hapo, anayeruka mashimo na kupanda kuta ni yeye.

"Unaona," Mugisho aliniambia siku ya kwanza, "uyu alikuwa peti tu. Sasa mukubwa wake hayuko, njo anaanza kutembea peke yake."

Kwetu sisi watu wa Bukavu, peti ni mdogo anayemfuata mkubwa wake kila mahali. Ndiye anayetumwa, ndiye anayeshikishwa viatu mpira ukianza. Kila kijana wa maana pale kambini alikuwa na peti wake. Peti wa Mugisho nilikuwa mimi, msichana, na waliomcheka kwa sababu hiyo aliwaambia wakatafute wao peti anayeweza kunyamaza kama mimi. Nilijivunia sana maneno hayo, ingawa ukweli ni kwamba sikuwahi kunyamaza, nilikuwa nasema taratibu tu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kioo. Skrini ya ile mashine haikuwa na taa, na kucheza nje hakukuwezekana, kwa sababu ungeitoa tu mlangoni, watoto wa mtaa mzima wangekuja kukupumulia shingoni, kila mmoja akidai zamu yake. Ndani ya nyumba yetu ya matofali ya udongo kulikuwa giza, na dirisha lilikuwa dogo kama daftari. Basi mimi niliketi kizingitini na kipande cha kioo, masalio ya kioo ambacho wateja wa Papa walijitazamia, nikalishika jua la alasiri na kulipeleka mpaka kwenye skrini iliyokuwa mikononi mwa Mugisho. Mkono ukichoka, mwanga ulihama, na Peti wetu akatumbukia shimoni.

"Nabintu, kioo," alikuwa akisema, bila kugeuka na bila hasira.

Mwaka huo tantini Furaha, dada yake Papa aliyekuwa na kibanda cha kushonea Chilinde, huku Lilongwe, alisema anaweza kumchukua Mugisho amfundishe kazi. Papa hakutaka kumlazimisha. Alimuuliza Mugisho ataenda lini, naye akajibu jambo ambalo lilimchekesha Papa mpaka akaweka mkasi chini.

"Nikishamaliza ile jeu, Papa. Imebakia padogo."

Padogo penyewe palikuwa daraja la mwisho la ule mchezo. Lilikuwa la mbao juu ya moto, na kila ubao ulianguka muda mfupi baada ya Peti kuukanyaga. Nilimpenda kaka yangu na nilijua kuhesabu: daraja likivukwa mchezo umekwisha, mchezo ukiisha Mugisho anaondoka, na akiondoka mimi nabaki peti wa nani? Kwa hiyo nitakuambia jambo ambalo sikumwambia hata Mama. Kila Peti alipofika katikati ya daraja, niliinamisha kioo. Kidogo tu, kiasi cha ukucha. Mwanga ulipanda ukutani, skrini ikawa nyeusi, na Peti akaanguka motoni.

Nilifanya hivyo wiki nzima, kisha wiki ya pili, kisha ya tatu. Mugisho alipumua tu na kuanza upya. Usiku niliomba msamaha kwa Mungu, na kesho yake alasiri nikarudia. Kosa langu lilinikaa kifuani kama ugali mbichi, lakini sikuacha.

Jumatano moja nilikuwa nyuma ya nyumba nikiosha sufuria ya nsima, ugali wa huku, nikamsikia Mama akizungumza na Papa.

"Furaha amepiga simu. Anasema mashini iko, lakini haiwezi kungoja tena. Kama Mugisho hafike mbele ya siku ya yenga, atachukua mutoto wa jirani yake."

"Uyu mutoto atabakia hapa ku kambi, na mi sina kitu cha kumupatia," Papa alisema.

Sikuwahi kumsikia Papa akisema kwa sauti ile. Nilisugua sufuria mpaka mchanga ukaniuma vidole. Hapo ndipo nilipoona kwamba ule ukucha mmoja wa mwanga ungeweza kumkosesha kaka yangu kazi, na siku ya yenga, Jumapili, ilikuwa karibu mno.

Alasiri ile nilikaa kizingitini, nikashika kioo kwa mikono miwili, viwiko juu ya magoti, nikabana pumzi. Peti alifika darajani. Ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwanga haukutikisika hata kidogo. Naye akaanguka.

Alijaribu tena. Nilitulia kama jiwe, jua likiwa pale pale katikati ya skrini. Akaanguka. Mara ya tatu vilevile. Nilianza kulia, nikidhani kwamba Mungu ananilipa, na kwamba nimemharibia kaka yangu vidole kwa kumwangusha mara nyingi.

Mugisho alinitazama. Kisha akanyanyuka, akaja mlangoni, akachukua kioo mkononi mwangu na kunipa ile mashine.

"Leo ucheze weye," alisema. "Mi nitakushikia."

"Mi sijue, yaya," nilisema, maana kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa.

"Unajua. Umeniona mara ngapi?"

Nilianguka mara nyingi sana. Yeye alikaa pale penye nafasi yangu, miguu yake mirefu ikitoka nje kwenye vumbi, na mwanga wake ulikuwa umetulia kuliko wangu. Hakunielekeza hata mara moja. Jua lilipokuwa linaanza kupanda ukutani lenyewe, Peti alikanyaga ubao wa mwisho akaruka, na akawa ng'ambo. Yule mkubwa alikuwa ameketi pale, mnyonge. Peti alimrudishia kofia. Mkubwa akaikataa, akachukua mizigo, akaanza kutembea nyuma yake. Nilicheka kwa furaha, nikageuka kumwonyesha Mugisho, nikamkuta ameinamisha kichwa.

"Basi," alisema. "Imeisha."

Jumamosi aliondoka. Niligombania begi lake mpaka akaniachia mshikio mmoja, tukalibeba wawili hadi kwenye kabaza, moja ya zile baiskeli za kupakia watu, iliyompeleka barabarani kutafuta minibasi. Mashine alinipa mimi. Mama alisema nilishinda bila kula, lakini sikumbuki hilo.

Niliucheza ule mchezo peke yangu miezi mingi, na ndipo vidole vyangu vilipojua jambo ambalo kichwa kilichelewa nalo. Daraja lile halikubadilika kamwe: hatua tatu, ruka, ngoja, ruka mara mbili, na vivyo hivyo hadi mwisho. Mvua ilipofunga mbingu na ndani kukawa kiza kabisa, nilivuka bila kuona kitu. Mtu aliyelipita mara chache tu hakuhitaji mwanga wa mtu yeyote. Na Mugisho alikuwa amelikanyaga karibu kila siku.

Niliikubali maana yake nikiwa tayari mama wa mtoto. Mwaka jana nilikwenda Chilinde kumpelekea Mugisho kitambaa cha sare za kwaya yetu. Siku hizi kibanda ni chake, na tantini huja kuketi tu na kukosoa mishono. Nikamsubiri atie uzi kwenye sindano, kisha nikakiri yote: kioo, ukucha, wiki tatu za dhambi. Nilikuwa nimelibeba kosa hilo tangu nina miaka tisa na nilitaka kulitua.

Hakushangaa. Aliweka kitambaa chini ya sindano, akakinyoosha kwa kiganja.

"Nilikuwa naona vile unakiinamisha," alisema. "Daraja ile nilijua kuivuka na macho yakiwa yamefungwa. Kila siku nilikuwa nangojea ukiinamishe, njo nianguke. Siku ulikishika sawasawa, niliogopa sana, sababu sikukuwa tayari kwenda."

Kisha akakanyaga cherehani, na kwa sababu ya kelele zake sikuweza kumjibu. Nilisogeza kiti changu mlangoni nikakaa mahali ambapo sikumzibia mwanga.