Kinyozi Anayefunga Mapema kwa Ajili ya Pita Kwanza

Saa tisa alasiri, kinyozi anazima mashine ilhali benchi bado lina watu. Anakung'uta taulo, anafunika kioo kwa kitambaa, kisha anatia brashi, sabuni na wembe mpya kwenye mfuko.

"Sasa sisi tunyolewe na nani?" mteja mmoja anafoka.

"Njooni kesho. Nywele haziozi," anamjibu, wala hasimami kubishana.

Zamani asingethubutu. Kwa miaka ishirini alifungua kabla jua halijachomoza na kufunga mtaa ukiwa umelala. Harusi za jamaa zake alizisikia kutoka kwa wateja. Watoto wake wote walisoma kwa jasho hilo, na hilo halijutii. Linalomuuma ni jingine.

Alikuwa na rafiki, fundi mwashi, waliyekaa naye dawati moja shuleni. Kila Jumamosi mwashi alikuja kunyolewa. Zamu yake ikifika, alimgeukia aliye nyuma yake: "Pita kwanza." Akija mwingine, naye: "Pita kwanza." Wateja wakamwita jina hilo hilo, na kinyozi akacheka pamoja nao.

"Nilikuwa namtania, 'Kwani wewe huna kwenu?'" anasimulia. "Nikishamnyoa ananiambia, 'Twende tukanywe chai, tupige soga.' Namwambia, 'Siku nyingine, ndugu yangu, mgongo unaniuma.' Na kweli ulikuwa unauma. Anasema haya, anaondoka."

Mwaka jana mwashi alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi, na yule bingwa wa porojo sasa hutoa sauti tu zisizoeleweka. Kinyozi alipokwenda kumjulia hali, mke wa mgonjwa alimpa kiti, kisha akampa maneno ambayo mpaka leo hayajamtoka.

"Sikumlaumu," anasema mama huyo. "Nilimwambia ukweli tu. Nilikuwa namuuliza mume wangu, mbona kila Jumamosi unachelewa? Ananijibu, 'Nataka niwe wa mwisho, huenda leo tukaongea.'"

Kinyozi alilia pale pale, mtu mzima na mvi zake, mbele ya shemeji yake. Majuto ni mjukuu, na wa kwake alikuja akiwa ameshakua.

Tangu siku hiyo, kila siku hufunga saa tisa na kwenda kwa mwashi. Theluthi ya mapato imekwenda, na baadhi ya wateja wamehamia kwa jirani. Mkewe alinung'unika wiki nzima, kisha akanyamaza.

Kitanda cha mwashi kimesogezwa karibu na dirisha. Kinyozi anampaka povu, ananyoa taratibu huku akimwaga habari za mtaa: nani kaoa, nani kaachwa, nani kajenga ukuta ukaanguka. Mwashi anamkazia macho. Mara nyingine machozi humtiririka, na hakuna anayejua ni ya nini.

"Hapo ndipo ninapoumia," anasema kinyozi. "Sijui kama amenisamehe. Alipokuwa na maneno, mimi sikuwa na nafasi."

Shavu la kushoto likishakuwa safi, anafuta wembe na kuanza kufungasha. La kulia bado lina ndevu.

"Shemeji, unamwacha hivyo tena?" mama anauliza. "Majirani watasema nina waume wawili!"

Kona moja ya mdomo wa mwashi inainuka kidogo. Kinyozi anaiona, naye anageuka kidogo kujifuta uso kwa taulo.

Daktari hakuwapa matumaini makubwa, na kinyozi hajidanganyi. Ana ombi moja tu.

"Natamani siku moja aniambie neno, hata likiwa tusi," anasema akiwa mlangoni. "Mpaka hapo, nanyoa shavu moja, la pili nalibakiza. Nikimmaliza leo, kesho nitasema nina kazi. Najijua."