Njia ya Kupita Watu

Pale ofisini, dereva wa roboti iliyoko sayari ya Mirihi aliitwa Mama Polepole, na mwenzake wa meza ya jirani hakuchoka kumtazama. Kila Mama Polepole akishatuma amri alikalia viganja vyake, asije akagusa kitu kabla picha hazijarudi. Roboti aliibembeleza kama mtoto anayejifunza kutembea: "Haya, baba, taratibu." Siku roboti iliposhuka salama mteremko wa mchanga ambao wanaanga wangepitia wakifika, ofisi nzima ilipiga makofi. Yeye alikuna kidevu tu. Akajitwika begi la mawe lenye uzito wa mzigo wa mwanaanga, akaenda uani kwenye kilima cha majaribio chenye mwinamo uleule, akaanza kushuka. Hatua chache tu, akabingirika mpaka chini.

"Umeumia, mama?" Mwenzake alimkimbilia.

"Goti." Alitema mchanga. "Ile ina magurudumu sita. Mtu ana miguu miwili, na kule hospitali hakuna."

"Kwa hiyo tumeishusha bure?"

"Bure? Ulitaka ashuke nani kwanza?"

Alichechemea hadi mezani, akaiomba roboti radhi kwa usumbufu, kisha akaiamuru ipande tena, ikatafute njia nyingine.