Mwalimu Asiyechapa

Mwalimu asiyechapa anataka nini kwa watoto wa watu? Ndilo swali lililozunguka mtaani kwetu Ukunda mwishoni mwa miaka ya tisini, na hata mimi nililiuliza. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na shule nilikuwa nimeitoroka. Nilikosa hesabu, nikalazwa juu ya dawati na kuchapwa makalioni mbele ya wavulana, nao wakacheka. Nikaapa sirudi. Asubuhi nilivaa sare, nikaaga nyumbani, kisha nikashinda sokoni Kona ya Musa nikiwachambulia akina mama mchicha.

Ndipo akaja bwana mmoja wa bara, akafungua darasa la watoro kama sisi katika ghala la korosho lililokuwa tupu. Hakutaka ada wala sare, na saa nne tulipewa chai. Ukichelewa, alikuuliza, "Uko na shida gani nyumbani?" kisha akangoja jibu kweli kweli. Mimi nilimtazama kwa jicho la pembeni. Nilijua tu, siku moja atabadilika. Nikachelewa makusudi, nikalala darasani, nikamjibu ufidhuli. Wapi! Alinisogezea daftari, akasema, "Tuanzie hapa ulipokwama." Na mie na ujeuri wangu, nikajikuta napapenda.

Baba ndiye aliyekosa raha habari zilipomfikia. Alikuwa akitunza bustani hotelini Diani, na huko alikwisha kuona wakarimu wa kila namna. "Hatozi ada, hachapi, na chai anatoa?" akasema. "Huyo ana lake."

Asubuhi moja akakata fimbo ya mkwaju, akanifuata hadi ghalani. "Karibu mzee," mwalimu akamwambia, bila hata shikamoo, na baba akanuna papo hapo. Akamkabidhi fimbo mbele yetu sote, kama watu wanavyomkabidhi mtoto kwa mwalimu wa chuo cha Kurani: amchape atakavyo, mradi asitoe jicho wala asivunje mfupa.

"Nitakuja kuiangalia," baba akasema. "Nikiikuta bado na gamba lake, haijachapa mtu, namtoa binti yangu. Ataenda Msambweni kwa shangazi yake akalee watoto."

Mwalimu akaipokea kwa mikono miwili. Moyo wangu ukafa. Kumbe ni wale wale! Wiki nzima sikuondoa macho kwenye fimbo ile, ilivyoegemezwa ubaoni. Hakuigusa. Nikaanza kuogopa upande wa pili, maana baba hakuwa mtu wa kutisha bure.

Basi wenzangu walipokwenda kunywa chai, nikaichukua, nikazunguka nyuma ya ghala, nikaupiga mkorosho. Niliupiga kwa hasira zangu zote, kwa ajili ya mwalimu wa kule shuleni, kwa ajili ya wavulana waliocheka, na kwa ajili ya baba pia. Gamba likabanduka, ncha ikachanika. Nikairudisha pale pale.

Baba akaja siku hiyo hiyo, Ijumaa, baada ya sala, na kanzu yake. Mwalimu alikuwa amekwenda dukani kununua chaki, na wenzangu walikuwa nje. Baba akaigeuza fimbo, akaipapasa ncha, akaitikia kwa kichwa. Nikashusha pumzi.

"Lete mikono," akasema.

Nikampa. Viganja vilikuwa vyekundu, vimetoka malengelenge, moja limepasuka. Nikangoja aseme kwamba sasa hii ndiyo shule.

"Kakupiga hivi? Mwanangu mimi, kakupiga hivi?" Akaikaza fimbo mkononi, akageukia mlango. "Wallahi leo atanitambua! Na wewe hapa hurudi tena."

Nikaing'ang'ania kanzu yake. "Hajanigusa, baba! Ni mimi, nimeupiga mkorosho huko nyuma. Niliogopa utanitoa." Nikalia kwa kwikwi, kamasi zikinitiririka, mwanamwali mzima.

Baba akatoka kuutazama ule mti, akarudi polepole. Akaketi kwenye dawati langu, magoti yamepanda juu.

"Hajakugusa hata siku moja?"

"Hata siku moja, baba."

Akajipangusa uso kwa kofia yake. Hapo mwalimu akaingia na boksi la chaki. Baba akasimama haraka, fimbo akaificha nyuma ya mgongo.

"Mwalimu," akasema, "nilipitia tu kuchukua fimbo yangu."